Koti la Kipima Hewa

Fundi cherehani aliingia bila kutazamiwa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni na sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa shati, akasema amekuja kuchukua vipimo.

Isimbi alikuwa peke yake ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, kwenye barabara iendayo Grande Barrière, penye kivuko cha mpaka, na wengi waliobisha mlango wake walikuwa wamepotea wakitafuta wakala wa mizigo. Akadhani na huyu amepotea.

"Vipimo vya nani, baba?"

"Si vya mutu. Ni vya mashini." Mgeni akavuta kiti, akaketi kama aliyealikwa. "Mi naitwa Mudathiru, nashona pale sokoni. Bon, nimetumwa na Mama Mukantwari wa Rubona. Anasema mashini yake ya hewa inataka koti ingine, ile ya kwanza inabana kwa kichwa. Nikamuambia, mama, ile nilikata kwa macho tu, sikupima. Akasema, wende kwa wenyewe, hawakosi ingine, upime muzuri."

Isimbi akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayengoja utani ufike mwisho. Mudathiru hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshatua mezani, kwenye kipima hewa cha akiba, kisanduku cheupe kisichozidi kopo la maziwa ya unga. Akanyoosha mkono, akakizungushia utepe.

"Koti," Isimbi akasema. "Mashini inavaa koti?"

"We hauna habari? Zote tatu za Rubona zinavaa. Mi ndiye nilizishonea." Alisema kwa fahari ya ufundi wake. "Ya Mama Mukantwari ndiyo ilitangulia. Kitambaa ya maua, na mwenyewe akaidarizi pembeni, kama zile za kufunika televizyo. Mama Verediane kuona vile, akasema yake haiwezi kubakia uchi mbele ya barabara. Akataka na dantela, ile lesi ya pindoni. Yule wa tatu naye akafuata. Sasa Mama Mukantwari ameona dantela..." Akainua mabega. "Wamama wa Rubona, dada. Mi nashona tu."

"Na zinavaa saa ngapi?"

"Jioni, wakati mbabula za makaa zinawashwa. Asubuhi wanazivua, wanapangusa, zinapumzika." Akakipindua kisanduku na kukichungulia upande wa chini. "Na hii mudomo hapa? Niiachie tundu?"

"Si mdomo," Isimbi akasema polepole. "Ni pua. Hapo ndipo inapovutia hewa."

Mudathiru akayatazama yale matundu madogo. Utepe ukalegea mkononi mwake.

"Ayiwe," akasema. "Donc mi nilishona mpaka na pua."

*

Kazi ya Isimbi ilikuwa kuratibu. Neno hilo lilimpendeza sana mama yake, ambaye alilitamka mbele ya wageni kama cheo cha serikali, ila kwa siku za kawaida lilimaanisha kukimbia huku na huko. Mtandao wa watafiti, ulioongozwa na Daktari Wenceslas kutoka Kigali, ulikuwa umetundika vipima hewa katika nyumba za watu pande zote mbili za mpaka, kwa sababu moshi wa Goma haupangi foleni Grande Barrière, na ule wa Gisenyi hauombi ruhusa ya kuvuka. Vipima vilihesabu chembe laini, zile ndogo kuliko vumbi linaloonekana kwenye mwanga wa dirisha, ambazo hupita puani, zikapita kooni, zikaenda kutua chini kabisa mapafuni na kukaa. Isimbi ndiye aliyehakikisha kwamba kipima cha Mudende, kule juu kwenye viazi na ng'ombe, kinahesabu sawasawa na kile cha Goma. Kwamba saa zavyo zinakubaliana. Kwamba hakuna mwenyeji aliyechomoa waya ili achaji simu. Alikuwa ametoka chuoni akaingia moja kwa moja katika kazi hiyo, na aliamini, bila kuona haya, kwamba siku watu watakapoona hewa yao wenyewe imechorwa mbele yao, hawatakaa bure.

Na hewa ya mwaka huo ilikuwa imewaonyesha jambo la ajabu. Jioni, makaa yanapowashwa, mstari wa kila kipima ulipanda: Goma ulipanda, mpakani ulipanda, hata Mudende ulijiinua kidogo. Rubona peke yake ulishuka. Vipima vyote vitatu, kila jioni, kama watu waliokubaliana kushusha pazia. Daktari Wenceslas alisema ni upepo wa ziwa. Isimbi akaandika sura nzima ya ripoti juu ya upepo wa ziwa, akaipenda sura hiyo, akamsomea Belyse, mratibu mwenzake wa upande wa Goma, kwa simu. Daktari alikwisha kuitaja mbele ya wanasayansi wenzake huko Kigali. Mkutano wa mtandao ulikuwa wiki ileile, hapahapa Gisenyi, na Isimbi ndiye angesimama kuieleza. Baada ya hapo utafiti ungeingia mwaka wa pili na kuhitaji mratibu mkuu wa pande zote mbili. Daktari alikuwa amemwambia haoni sababu ya kutafuta mtu mwingine.

Sasa Isimbi alimtazama Mudathiru akikunja utepe wake, na mawazo yakamjia moja baada ya jingine, wala hakuweza kuyazuia. Upepo wa ziwa una maua. Upepo wa ziwa una dantela.

"Nishone au nisishone?" Mudathiru akauliza.

"Usishone, baba. Subiri kwanza."

Fundi akaenda zake akinung'unika kwamba kitambaa kimeshakatwa. Isimbi akabaki na kipima cha akiba mezani. Hakuna aliyejua maana ya makoti hayo isipokuwa yeye na mshonaji mmoja wa sokoni. Angeweza kukaa kimya mpaka mkutano upite. Wazo hilo lilimjia likiwa tayari limevaa viatu, na lilimtisha kwa sababu halikuwa geni kama alivyotaka liwe. Akafunga ofisi, akasimamisha pikipiki, akamwambia dereva ampeleke Rubona.

*

Kwa mwaka mzima hakuwahi kufika Rubona jioni. Ratiba ya ukaguzi ilikuwa ya asubuhi, na asubuhi vipima vilikuwa vyeupe, vimepanguswa, na Mama Mukantwari alikuwa amefagia mpaka barabarani. Isimbi alikuwa amemsifu mara nyingi kwa usafi huo.

Jioni palikuwa mahali pengine kabisa. Pande zote mbili za barabara inayoshuka bandarini mbabula zilikuwa zimetolewa nje, moshi wa makaa mabichi umelala juu ya mapaa, wavuvi wanapanda kutoka kwenye maboti yao na kuulizia sambaza za moto. Mama Mukantwari aliketi kwenye kigoda chini ya dirisha lake, karai la mafuta mbele yake, akigeuza vile visamaki vidogo kwa kijiko chenye matundu. Juu ya kichwa chake, ukutani, kipima kilikuwa kimevaa koti la maua ya buluu. Pindoni pameandikwa KARIBU kwa uzi mwekundu.

"Mutoto yangu! Leo umekuja jioni? Iko mutu amekufa?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuona koti."

Uso wa mama ukachangamka. "Mudathiru alifika! Nilijua tu, yule hawezi kulala na neno. Bon, iangalie. Si unaona vile inabana? Inafanana na muzee mwenye amevaa kofia ya mutoto."

"Kwa nini unaifunika, mama?"

Mukantwari alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaosha sahani.

"We ulisema nini siku ile? Ulisema, mama, hii mashini unitunzie kama mugeni. Sasa mi nikaange samaki, mafuta na moshi yote iingie kwa mugeni? Nyeupe vile? Asubuhi uje uikute nyeusi, useme Mukantwari ni muchafu?"

Isimbi alikumbuka. Alikuwa amesimama papo hapo, nyundo mkononi, siku ya kutundika. Alikuwa amesema hivyo kwa sababu lilikuwa neno zuri, na kwa sababu Kiswahili chake, cha wazazi waliorudi kutoka Tanzania, kilikuwa kikiwafanya wamama wa Rubona watabasamu na kumwita mutu wa redio. Na alikumbuka alichojibiwa. Mukantwari alikuwa amekubali mashine kwa sharti moja dogo.

"Jina yangu isitoke," alikuwa amesema. "Leo munapima hewa. Kesho watakuja kusema moshi yote ya Rubona inatoka kwa mbabula ya Mukantwari, wanifukuze barabarani. Mi niko na mujukuu wa kulisha."

"Jina lako halitatoka mdomoni mwangu, mama. Kwa mtu yeyote."

Ahadi hiyo haikuchukua muda wa kunywa maji. Kisha alikuwa amepigilia msumari.

Sasa alichuchumaa kando ya karai. "Mama, nilikueleza vibaya. Kazi yake ni kula moshi."

"Kula?"

"Kula na kuhesabu. Tuliitundika hapa kwa sababu hapa pana moshi."

Kijiko kilisimama. Sambaza zikaanza kuungua pembeni na Mukantwari asizione. Alitazama juu, akatazama koti, akatazama karai, na Isimbi akaona hesabu yote ikipita usoni mwake.

"Donc kila jioni," akasema, "wakati ya chakula, mi nilikuwa namufunga mugeni mudomo."

Isimbi hakukusudia kucheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, na Mukantwari naye akashikwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akainuka, akapanda juu ya kigoda, akakivua kipima koti lake kwa uangalifu, kama mtu anayemvua mtoto aliyesinzia. Akachukua kipepeo cha makaa, akaupepea moshi kuelekea juu.

"Haya, kula, mugeni. Unisamehe."

"Usimpepee, mama. Mwache ale mwenyewe."

Kutoka ng'ambo ya barabara sauti ikapaa. Ilikuwa ya Mama Verediane, aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni kwake, naye akiwa na kipima chake ukutani, chenye dantela. "Mukantwari! Mbona unaivulia nguo mbele ya watu?"

"Imesikia joto!" Mukantwari akajibu, kisha akateremka na kuishusha sauti. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Niambie. Nimeharibu kazi yako?"

Isimbi alitaka sana kusema hapana. "Ya jioni, ndiyo. Ya asubuhi ni nzima."

"Wakubwa watauliza nani alianza."

"Watauliza."

"Na we utasema?"

"Si nilikwambia siku ile?"

Mukantwari akageukia karai lake. Alizitoa zile zilizoungua, akatia nyingine mbichi kwenye mafuta, na mafuta yakapiga kelele.

*

Jioni zilizofuata mstari wa Rubona ulipanda. Isimbi alikuwa amepita kwa wenyeji wote watatu na kuwaomba wavivue vipima makoti, bila kumwambia yeyote habari za mwenzake, na kila jua lilipokaribia kuzama alikaa na kompyuta yake akautazama mstari ukipanda kupita ule wa mpakani, mahali malori yanaposimama na injini zikiwaka. Hapakuwa na upepo wowote wa kumsaidia mtu. Hewa ya jioni ya Rubona ilikuwa miongoni mwa hewa mbaya kuliko zote walizopima, na kwa mwaka mzima yeye alikuwa amejiandaa kusimama na kusema ni safi.

Alimpelekea Mukantwari mchoro kwenye simu, kwa sababu hewa ile ni yake. Mukantwari alifuata mstari kwa kidole chenye mafuta, ukipanda, ukipanda.

"Hapa ni saa ya kukaanga?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii dirisha..." Hakumaliza. Dirisha lililokuwa juu ya mbabula lilikuwa la chumba cha Akaliza, mjukuu wake, ambaye kikohozi chake wote walikuwa wamekizoea kama watu wanavyozoea jogoo wa jirani. Mukantwari akafunga mbao za dirisha. Akaishika mbabula kwa masikio yake mawili, ikiwa bado na moto, akaihamishia upande wa pili wa nyumba, kwenye ukuta usio na dirisha. Utafiti ukiwa unaendelea haupendi majiko yahamehame, na Isimbi alilijua hilo vizuri. Hakuwa na moyo wa kumkataza. Aliandika tu kwamba jiko limehama.

Usiku wa kuamkia mkutano alimpigia Belyse simu, akamwambia yote isipokuwa jina.

"Sema mashini ziliharibika," Belyse akasema bila hata kufikiri. "Fini. Kwani ni kitu gani?"

"Zangu na zako zimetoka kiwanda kimoja, Belyse. Nikisema za Rubona zimekufa, nani ataamini za Goma?"

Upande wa pili pakasikika mlango ukifungwa. "Bon. Basi sema ukweli."

"Nitasema. Lakini watataka na jina la aliyeanza."

"Si uwape?"

"Niliahidi."

"Uliahidi nani? Waziri?"

"Mama wa sambaza."

"Isimbi, dada yangu, we uko na kichwa nguvu kama hii mawe ya volkano tunajengea." Belyse akavuta pumzi. "Utapoteza ile nafasi. Na mi nilishafurahi kusema tutafanya pamoja."

"Na mimi pia," Isimbi akasema, na hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa amekwisha kuamua.

*

Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja kando ya ziwa, madirisha wazi, vikombe vya chai vikigongana nyuma. Isimbi aliposimama, aliwaonyesha kwanza mstari wa zamani, ule unaoshuka, na baadhi ya watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana habari za upepo zilikuwa zimewafikia. Kisha akawaonyesha mstari mpya.

"Sura ya upepo wa ziwa nimeiondoa," akasema. "Wenyeji wa Rubona walikuwa wakivifunika vipima wakati wa kupika, ili moshi usivichafue. Walifanya kwa heshima. Takwimu za jioni za Rubona, mwaka mzima, hazifai. Za asubuhi zinafaa. Hizi za wiki hii zinatuonyesha pa kuanzia, na ni pabaya."

Mtu mmoja alicheka, akaacha aliposikia yuko peke yake. Watu wa Goma waliuliza maswali mazuri. Mmoja alisema atapita kwa wenyeji wake wote jioni hiyohiyo, kabla hajajisifu. Daktari Wenceslas hakuuliza kitu mpaka mapumziko, kisha akamwita Isimbi kibarazani.

Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kuomba fedha za utafiti na kuzipata nusu.

"Nilisimama Kigali nikausema huo upepo mbele ya watu," akaanza.

"Najua, Daktari. Pole."

"Pole haitoshi, ila sikukuitia hilo. Ripoti lazima ieleze. Kufunikwa kipima kimoja, wafadhili wataelewa. Vitatu? Watauliza nani alianza, na sisi tumechukua hatua gani. Mimi nataka niandike kwamba huyo aliyeanza tumemtoa, kipima chake kimehamishiwa shuleni au kwenye ofisi fulani, mahali penye mtu wa kuwajibika. Wataridhika, tutaendelea. Nipe jina."

"Majina ya wenyeji hayatoki."

"Hayatoki hadharani. Mimi si hadhara, Isimbi."

"Nilimwambia halitatoka kwa mtu yeyote. Sikumwambia kwa mtu yeyote isipokuwa wewe."

Daktari akaegemea ukuta wa kibaraza. "Ni mama mmoja anayepika barabarani. Hata hatajua kwamba umemtaja."

"Atajua siku mtakapokuja kukitoa ukutani kwake. Na majirani watajua. Alichokiogopa tangu mwanzo ni hicho."

"Sawa. Basi niambie wewe. Kama hakuna mwenyeji aliyekosea, niandike kosa ni la nani? Siwezi kuandika kwamba lilijitokea."

Isimbi alikuwa amejiandalia maneno mengi mazuri ya saa hiyo, na yote yakamkimbia. Yakabaki ya kawaida.

"Ni la mratibu. Niliwaambia waitunze mashine kama mgeni, sikuwaambia inakula nini. Na ukaguzi wangu wote ulikuwa wa asubuhi. Mara moja tu ningekwenda jioni, ningeyaona makoti. Andika hivyo, ni kweli."

"Nikiandika hivyo, unajua siwezi kukupa pande zote mbili. Hata ningetaka. Itabidi awe Evode, msaidizi wangu wa Kigali."

"Najua."

Alikuwa amedhani kujua mapema kungempunguzia. Hakukumpunguzia kitu. Akatazama maji, mahali boti la mchanga lilipokuwa likipita polepole kwenda Rubona.

"Utabaki na ukaguzi wa Rubona na Mudende, ukitaka," Daktari akasema, kwa sauti ya chini zaidi. "Ni kazi ndogo."

"Naitaka. Ila ratiba niibadilishe. Niende jioni."

Daktari Wenceslas akatikisa kichwa kukubali, akarudi ndani kwenye chai yake.

*

Alianza jioni ileile, akiwa bado na nguo za mkutano. Mbabula ya Mama Mukantwari ilikuwa kwenye ukuta wake mpya, na Mama Verediane alikuwa amevuka barabara, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akila sambaza na kuzungumza. Wavuvi wawili walisimama wakingoja zao. Kipima kilikuwa uchi, cheupe bado, taa yake ndogo ikiwaka.

"Huyu hapa mwenyewe!" Verediane akasema. "Mutu wa redio. Keti. Mudathiru amesema sokoni, makoti yetu yaliharibu kazi ya wakubwa. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Mana we! Na leo kwa mukutano walisema nani aliharibu? Mi nataka kujua. Juu mi nilifuata tu." Alimtupia Mukantwari jicho, mdomo umejaa, nusu kwa utani na nusu kwa kutaka wavuvi wasikie. "Mi sikuanza. Hiyo waiandike vizuri: Verediane alifuata!"

Kijiko cha Mukantwari kilisimama juu ya mafuta. Hakuinua uso. Wavuvi waligeuka kusikiliza.

"Wameandika ni mimi," Isimbi akasema.

"We? We haukushona hata kifungo!"

"Niliwaambia ni mgeni. Sikuwaambia anakula nini."

Verediane akalifikiria, akaona halina ladha ya kutosha kwa soko la kesho. "Haya basi," akasema, akajipangusa vidole, akarudi ng'ambo kwenye maandazi yake. Wavuvi wakapewa zao, wakashuka kuelekea bandarini.

Mukantwari alingoja mpaka wamepotea.

"Na kazi yako iko?"

"Ipo, mama. Imepungua kidogo."

"Imepungua sababu yangu."

"Imepungua. Nitakuwa nakuja jioni sasa, basi utanichoka."

Mama alizigeuza sambaza, mara moja, mara ya pili, ingawa zilikuwa zimeiva. Ndani ya nyumba Akaliza alikuwa akiimba kitu cha shuleni, akisahau maneno na kuanza upya. Kisha Mukantwari akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka sana kusikia jibu:

"Hata yule Daktari yenu, mukubwa, alipokuuliza? Hata yeye haukumuambia?"

"Hata yeye."

Mukantwari akafungua sanduku la mbao lililokuwa kando yake, akalitoa lile koti la maua, limefuliwa na kukunjwa, akalitandika juu ya ile ndoo iliyopinduliwa ili nguo za mkutano zisichafuke.

"Keti, mutoto yangu," akasema. "Ule zikiwa na moto."